Watkins: Mkuu wa wapagazi walioipa Kariokor jina

WANUNUZI wanaofika Kariokor, Nairobi, kutafuta vikapu vya katani, viatu vya ngozi au nyama choma, ni nadra kujiuliza jina hilo lilitoka wapi. Si la Kikikuyu, Kikamba wala Kijaluo. Ni matamshi ya wenyeji ya jina la Kiingereza, Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi.

Mahali hapo ndipo palipokuwa na kambi ya wapagazi wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Dar es Salaam nayo ilipata Kariakoo yake kwa njia iyo hiyo.

Afisa aliyewasimamia wapagazi hao tangu mwanzo wa vita hadi mwisho wake alikuwa Oscar Ferris Watkins. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na kazi aliyopewa ilihitaji watu wengi kuliko nchi ilivyoweza kutoa bila kuumia. Hata hivyo, alikuwa miongoni mwa wachache katika serikali hiyo waliosisitiza kwamba mpagazi aliyekufa ahesabiwe, na ujira wake ulipwe.

Wengi wa waliokufa hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na maradhi, na ya mwisho kuwashukia ilikuwa homa ya mafua ya mwaka 1918. Sayansi ya wakati huo haikuweza kueleza kwa nini homa hiyo ilimbeba huyu na kumwacha yule aliyelala kando yake. Sehemu ya jibu ilipatikana miongo mingi baadaye, wakati dunia ilipokuwa ikihofia homa nyingine, ya ndege.

Mwana wa kasisi

Watkins alizaliwa mwaka 1877, mwana wa kasisi wa Kanisa la Uingereza aliyehudumu India. Alisomea katika shule ya Marlborough nchini Uingereza, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Oxford.

Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902 ndivyo vilivyomleta Afrika. Baada ya kuhudumu kusini mwa bara hili, alijiunga na utawala wa Himaya ya Afrika Mashariki, kama Kenya ilivyoitwa wakati huo, mnamo 1908. Alijifunza Kiswahili na kukimudu, jambo ambalo lingeongoza maisha yake hadi kufa.

Mwaka 1914 alimwoa Olga Baillie-Grohman, mwanamke ambaye baadaye alikuja kuwa mwanachama wa Baraza la Kutunga Sheria la koloni.

Mwezi wa Agosti mwaka huohuo vita vilizuka. Uingereza ilitawala upande huu wa mpaka na Ujerumani ilitawala upande wa pili, katika Tanganyika ya baadaye. Barabara za magari zilikuwa haba, na mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota magari. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya mwanadamu.

Watkins akawekwa kuongoza kikosi cha wapagazi. Kilianza na watu elfu chache tu, wengi wao wakiwa wamezoea kazi ya misafara, na wa kwanza walilipwa rupia 10 hadi 15 kwa mwezi. Kufikia 1915 ujira ulikuwa umeshushwa hadi rupia 5, na rupia 6 baada ya miezi mitatu kazini.

Kwa ujira huo, waliojitolea walikuwa wachache. Sheria ya mwaka 1915 ikaruhusu watu wachukuliwe kwa nguvu. Machifu waliamriwa kutoa idadi waliyopangiwa, na vijana wengi walikamatwa usiku vibandani mwao.

Mwaka 1916 jeshi chini ya Jenerali Jan Smuts liliingia katika himaya ya Wajerumani, na kikosi kikageuzwa kuwa idara kubwa ya kazi za jeshi, Watkins akiwa mkurugenzi wake. Mwaka uliofuata, msako wa wapagazi ulienea wilaya nyingi za Kenya. Walichukuliwa Wakikuyu, Wakamba, Wajaluo, Waluhya, Wameru na wengineo, na mashamba mengi yakabaki mikononi mwa wanawake, wazee na watoto.

Kila mpagazi alipewa nambari na kibati cha kumtambulisha. Majina yalijazwa katika madaftari ya kambini Nairobi. Madaftari hayo ndiyo yaliyomwezesha Watkins, vita vilipokwisha, kuonyesha ukubwa wa msiba.

Maradhi kambini

Aliyemwangalia mpagazi kwa macho ya jenerali aliona mzigo unaotembea. Watkins aligundua mapema kwamba watu hao hawakuwa sawa mbele ya maradhi.

Mwanamume aliyetoka nyanda za juu za Kikuyu hakuwa amekulia katika malaria. Aliposhushwa hadi mabonde ya Rufiji, mwili wake ulikutana na ugonjwa ambao mtu wa pwani alikuwa ameupiga vita tangu utotoni. Wa pwani naye aliugua, lakini mara nyingi aliinuka.

Chakula kilikuwa adui mwingine. Jeshi lilitoa unga wa mahindi, nao uligawiwa watu waliozoea viazi vitamu, maharagwe, ndizi au wimbi. Wapagazi waliofika kituoni wakiwa wamechoka, bila kuni wala sufuria za kutosha, walikula unga usioiva. Kuhara damu kukawaangamiza kwa maelfu.

Watkins na madaktari wa kikosi walidai chakula kipikwe ipasavyo, wanaosajiliwa wapimwe kwanza, na wagonjwa wapumzishwe kabla ya kurudishwa njiani. Baadhi ya mambo yalirekebishwa. Mara nyingi, makamanda waliokuwa wakimfukuza Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck wa Ujerumani walitaka watu kwanza, na maswali baadaye. Mvua kubwa za mwanzoni mwa 1917 zilipofurika Rufiji na kukata njia za chakula, waliolipa ni wapagazi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitoka Ushelisheli. Takriban wanaume 800 wa visiwa hivyo waliletwa pwani ya Kilwa kufanya kazi za jeshi. Katika miezi michache, karibu theluthi yao walikuwa wamekufa kwa malaria, kuhara damu na maradhi mengine, na waliosalia ikabidi warudishwe kwao. Hawakuwa wanyonge kuliko wengine. Miili yao ilikuwa haijawahi kukutana na maradhi hayo.

Homa ya 1918

Kufikia Septemba 1918 mwisho wa vita ulikuwa unanukia. Ndipo meli zilipoleta ugonjwa mpya bandarini Mombasa. Ulikuwa homa ya mafua iliyokuwa ikiizunguka dunia, na ambayo iliitwa ya Kihispania ingawa haikuanzia Uhispania.

Ugonjwa ulipanda na reli hadi Nairobi, Kisumu na Uganda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu pwani ya Kenya ulikadiria kwamba homa hiyo iliua takriban watu 25 katika kila 1,000 eneo hilo. Mwaka huohuo mvua zilikosekana na njaa ikazikumba wilaya nyingi, kwa hivyo homa iliwakuta watu wakiwa tayari wamedhoofika.

Wapagazi walikuwa mahali pabaya kupita kiasi. Walilala wakiwa wamebanana kambini, wakasafirishwa wakiwa wamesongamana melini na katika mabehewa. Waliokuwa wameokoka malaria, njaa na risasi walianguka wakiwa njiani kurejea makwao, na baadhi yao wakaufikisha ugonjwa hadi vijijini mwao.

Lettow-Vorbeck alisalimu amri huko Abercorn, Mbala ya sasa nchini Zambia, mnamo Novemba 25, 1918. Homa haikubagua upande. Wajerumani na askari wao Waafrika waliosafirishwa hadi Tabora na Dar es Salaam walikufa kwayo pia.

Madaktari wa 1918 hawakujua walikuwa wakipambana na nini. Wengi walimshuku bakteria fulani. Virusi vya mafua ya binadamu vilitambuliwa mwaka 1933, miaka 15 baadaye. Mwaka 2005 wanasayansi wa Marekani walikamilisha kusoma jeni zote za virusi vya 1918, kwa kutumia mabaki ya waliokufa, akiwemo mwanamke aliyezikwa kwenye ardhi ya barafu Alaska. Jeni hizo zilifanana mno na za virusi vya ndege.

Jambo lililowashangaza wengi ni aina ya watu waliokufa. Homa ya mafua kwa kawaida huwaua wazee na watoto wachanga. Ile ya 1918 iliwaua kwa wingi watu wa kati ya miaka 20 na 40, ambao ndio waliojaa katika kambi za wapagazi. Tena, jamii zilizokuwa zimetengwa na dunia ziliumia vibaya zaidi. Samoa ya Magharibi, kisiwani mbali katika Bahari ya Pasifiki, ilipoteza takriban mtu mmoja katika kila watano.

Kumbukumbu ya mwili

Mwili wa binadamu hujikinga na mafua kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kingamwili, ambazo huelea katika damu na kushika virusi kabla havijaingia ndani ya seli. Kingamwili hutambua sura ya nje ya virusi. Tatizo ni kwamba virusi vya mafua hubadilisha sura hiyo kila mara, kama mwizi anayebadilisha koti. Ndiyo sababu chanjo ya mafua hutengenezwa upya mara kwa mara.

Njia ya pili ni seli zinazoitwa seli T. Hizi hazimzuii mwizi mlangoni. Hukagua nyumba, yaani seli za mwili, na kuiangamiza ile ambayo imeshaingiliwa kabla haijazalisha virusi vingine. Kinachozionyesha kwamba seli imeingiliwa ni vipande vya protini za ndani za virusi, vinavyojitokeza juu ya seli hiyo. Protini hizo za ndani hazibadiliki sana. Za mafua ya kawaida ya kila mwaka hukaribiana na za mafua ya ndege.

Mwaka 1983 watafiti wa Oxford wakiongozwa na Alan McMichael walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 63 waliojitolea kutiwa virusi vya mafua puani. Waliokuwa na seli T zenye nguvu dhidi ya mafua waliviondoa virusi upesi zaidi, hata pale walipokosa kingamwili za aina hiyo.

Mwaka 1997 virusi vya ndege vya aina ya H5N1 viliwaambukiza watu 18 huko Hong Kong na kuwaua 6. Tangu 2003, zaidi ya watu 900 duniani wamethibitishwa kuugua aina hiyo, na karibu nusu yao wamefariki. Dunia ikauliza: virusi hivi vikijifunza kuenea kutoka mtu hadi mtu, je, kuna yeyote mwenye kinga?

Mwaka 2008 jibu la kutia moyo kidogo lilichapishwa na watafiti wa Oxford na wenzao. Walichunguza damu ya watu wenye afya wa Uingereza na Vietnam, ambao hawakuwahi kuugua homa ya ndege. Wengi wao walikuwa na seli T zilizoitambua H5N1. Zilikuwa zimejifunza kutoka kwa mafua ya kawaida, yale ambayo mtu huyachukulia kuwa kitu kidogo cha siku tatu.

Kinga hiyo ina mipaka. Haizuii mtu kuambukizwa, ila inaweza kumpunguzia makali. Hufifia miaka inavyopita bila kukumbushwa. Na hudhoofishwa na njaa, kwa kuwa mwili usiolishwa hushindwa kutengeneza na kutunza seli hizo. Aliyekula unga mbichi kwa miezi, akaugua malaria na kuhara damu, angefika kwenye homa ya 1918 na silaha butu hata kama mwili wake ungekuwa na kumbukumbu.

Hapo ndipo sayansi ya maabara inapokutana na malalamiko ya Watkins. Wapagazi waliingia vitani na kumbukumbu tofauti za maradhi, lakini jeshi liliwahesabu kama watu wa namna moja. Kisha likawanyima chakula na mapumziko, vitu ambavyo vingeisaidia miili yao kutumia kinga kidogo waliyokuwa nayo.

Ujira wa marehemu

Vita vilipokwisha, Watkins aliandika ripoti ndefu kuhusu kipindi cha Agosti 4, 1914 hadi Septemba 15, 1919. Hesabu za Kenya pekee zilionyesha zaidi ya wapagazi 40,000 waliokufa. Kwa Afrika Mashariki na Kati nzima, hesabu rasmi ilikaribia 95,000, na wanahistoria wengi huamini idadi halisi ilipita 100,000.

Kila aliyekufa aliacha ujira ambao haukuwa umelipwa. Wengine hawakujulikana familia zao, kwa kuwa majina yaliandikwa vibaya na makarani wasiojua lugha zao. Watkins alishikilia kwamba fedha hizo ni deni. Ikiwa mrithi mmoja mmoja hangepatikana, alitaka zitumike kwa faida ya jamii walikotoka marehemu.

Hazina ya Uingereza ilikataa. Barua zilienda London na kurudi, na suala hilo lilizungumzwa hadi miaka ya 1930. Deni halikulipwa.

Msimamo wake haukumpendeza kila mtu. Mwaka 1921 alikuwa akikaimu wadhifa wa Kamishna Mkuu wa Masuala ya Wenyeji, wakati walowezi walipotaka mishahara ya Waafrika ikatwe kwa theluthi moja, na Harry Thuku alipoanza kuwaunganisha wafanyakazi wa Nairobi kupinga. Walowezi walimwona Watkins kuwa mtu anayewasikiliza mno Waafrika. Wadhifa kamili akapewa afisa mwingine, G.V. Maxwell, aliyeletwa kutoka Fiji.

Si haki kumfanya Watkins mkombozi. Alikuwa sehemu ya utawala uliowakamata vijana usiku, na idara yake ndiyo iliyowapeleka vitani. Lakini katika utawala huo, alikuwa mmoja wa waliokataa kuufunga mjadala wa ujira wa wafu.

Mhariri wa Baraza

Baada ya kustaafu, Watkins alirejea kwenye lugha aliyoijifunza ujanani. Mwaka 1939 kampuni ya East African Standard ilianzisha gazeti la Kiswahili, Baraza, naye akawa mhariri wake wa kwanza. Vita vingine vilikuwa vimezuka, na vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wakiandikishwa tena, mara hii kupelekwa hadi Burma. Baraza ndilo lililowapa wengi wao na jamaa zao habari kwa lugha wanayoielewa.

Aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki Desemba 1943. Baraza liliendelea kwa miongo kadhaa baada yake, na miongoni mwa wahariri waliomfuata ni Francis Khamisi. Mkewe Olga aliaga dunia mwaka 1947.

Kambi ya wapagazi ilishatoweka wakati huo. Mwishoni mwa miaka ya 1920, baraza la mji lilijenga hapo makazi ya vibarua Waafrika, na jina likabaki. Katikati ya jiji, sanamu tatu zilizozinduliwa mwaka 1928 zimesimama kando ya barabara ya Kenyatta Avenue, mmoja wao akiwa mpagazi. Majina ya waliokufa hayakuchongwa hapo.

Mnamo Aprili 2021, tume inayotunza makaburi ya wanajeshi wa Uingereza na Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Miaka 100 na zaidi ilikuwa imepita tangu homa ilipomaliza kazi iliyoanzwa na vita.

Virusi vya ndege bado vinazunguka. Mwaka 2017 aina ya H5N8 iliua ndege wa mwituni na kuku nchini Uganda, kando ya Ziwa Victoria. Homa kubwa ikija tena, itawakuta watu wakiwa na kumbukumbu tofauti katika miili yao, wengine wameshiba na wengine wana njaa, wengine wamebanana na wengine wana nafasi. Watkins aliyaona hayo yote katika kambi moja, na akayaandika. Kariokor ndilo kaburi la pamoja la wengi ambao majina yao hayajulikani, nalo hutajwa kila siku na makondakta wa matatu wanaoita abiria.